Baba haoni upande wa kushoto na daktari asema macho mazima, sasa picha ya kichwa ni ya nini?

BintiLangoni, Lamu

Assalam aleikum, shikamooni wakubwa. Naombeni mawazo yenu manake hapa nyumbani kila mtu amekuwa daktari na mimi nimechoka.

Babangu ni fundi wa mashua, ana miaka 67, mtu wa presha lakini dawa anameza siku anazotaka mwenyewe. Wiki tatu zilizopita katoka alfajiri kwenda msikitini, njia anayoipita tangu utotoni hata ukimfunga kitambaa anafika, akajigonga bega la kushoto kwenye baraza la watu, hatua kumi mbele akagongana na punda wa mchanga. Punda jamani! Punda na mzigo wake wameziba kichochoro kizima na yeye aapa hakumuona. Kisogo kilikuwa chamuuma kidogo, basi. Mkono unashika, mguu unatembea, mdomo haukupinda, maneno yanatoka sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyewaza kiharusi. Presha ilipopimwa ikaja 190 kwa 110 ndio tukakimbia, boti mpaka Mokowe, gari mpaka Malindi, jioni ile ile akapigwa siti skani. Wakasema hakuna damu kichwani, hakuna cha kuonekana, wakampa dawa na kutuambia tumpeleke kwa watu wa macho.

Tukaanzia duka moja la miwani, jina nalihifadhi, wakamuuzia miwani ya pesa nyingi na bado anagonga milango. Halafu ndio tukampata daktari wa macho wa kweli, kamulika, kapima, kasema macho haya hayana kitu, shida iko nyuma, nendeni Mombasa mkapige MRI ya kichwa. Baba kawaka: "Ni mato yasiyoona, kitwa changu wakitakiani?" Na ami yangu ndio kamtia moto zaidi, asema picha moja mshapigwa haikuonyesha kitu, hii ya pili ni ya kuwalia pesa.

Kitu kimoja chanichanganya. Gazeti anasoma kwa shida, akimaliza mstari akishuka wa pili anapotea, anaanzia katikati. Lakini msahafu alikuwa anasoma vizuri tu, ndio maana hatukushtuka mapema. Juzi nikamfungulia sura asiyoihifadhi akakwama kila neno, asema neno linalofuata "halipo" mpaka alifikie. Hii ni nini? Na hiyo MRI itaonyesha kitu gani ambacho siti skani haikuonyesha? Nipeni ukweli niwapelekee wazee.

FundiPicha_MLD, Malindi

Waaleikum salaam binti, pole na mpe pole mzee. Mimi kazi yangu ni kupiga hizo picha, kusoma jibu ni kazi ya daktari wa radiolojia, kwa hiyo babako siwezi kumwambia ana nini nikiwa hapa kwa simu. Lakini maswali yako naweza.

Kwanza hilo la "mato mazima kitwa chafanyani" mzee yuko sawa kushangaa, karibu kila mtu hushangaa. Jicho linapokea mwanga tu. Kuona kwenyewe kunafanyika kisogoni, ule ubongo ulio nyuma kabisa ambapo mtoto anapigwa kofi la kisogo. Neva kutoka macho mawili zinakutana nyuma ya macho kama njia panda, hapo zinagawana: habari zote za upande wa kushoto wa dunia, za jicho la kushoto NA za jicho la kulia, zinakwenda ubongo wa kulia. Za kulia zinakwenda ubongo wa kushoto. Kwa hiyo mtu akiumia kisogo cha kulia hapotezi jicho la kushoto, anapoteza nusu ya kushoto ya kila kitu kwa macho yote mawili. Wenyewe wanaita hemianopia.

Mjaribu nyumbani. Kaa mbele yake goti kwa goti, mwambie afunike jicho la kulia kwa kiganja, atazame pua yako asibanduke hapo, wewe nyoosha mkono pembeni utikise vidole, uwe unavileta katikati polepole mpaka aseme naona. Fanya upande huu na huu, kisha abadili jicho. Kama kila jicho peke yake halioni vidole vya upande wa kushoto kwake basi jua shida iko nyuma ya ile njia panda, na miwani ya duka lolote duniani haitaigusa. Hiyo pesa imeliwa, samehe.

Sasa siti skani. Siti ni eksrei inayozunguka kichwa, dakika chache imeisha, na siku ya kwanza swali lake kubwa ni moja tu: kuna damu au hakuna? Damu mbichi inaonekana nyeupe mara moja. Ni swali la maana manake kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ukimpa mtu anayevuja damu umemuua. Ila kiharusi cha mshipa kuziba, masaa ya mwanzo siti inaweza kuwa safi kabisa kama haijatokea kitu, hasa kikiwa kidogo. Kwa hiyo "hakuna kinachoonekana" ya siku ile ilimaanisha hakuna damu, haikumaanisha hakuna kiharusi. Hapa ndipo familia nyingi zinapotezwa na lugha yetu sisi wa hospitali, tunasema "skani iko sawa" mtu anaenda nyumbani anajua kichwa kiko sawa.

MRI haitumii eksrei, ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Kuna picha yake moja inaangalia maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Seli ikikosa damu inavimba, maji yanakwama, pale panawaka nyeupe kama taa, na inawaka mapema sana, dakika tu baada ya mshipa kuziba. Kwa babako zimepita wiki tatu, huenda ule mwanga umeshaanza kufifia, lakini picha nyengine za mashine hiyo hiyo zitaonyesha mahali palipoumia, ukubwa wake, na kama kuna makovu ya zamani ambayo hamkuyajua. Wanaweza pia kupiga mishipa yenyewe. Mshipa wa kisogoni mara nyingi unazibwa na donge lililotoka mbali, kwenye moyo unaodunda ovyo ovyo au kwenye mishipa ya shingo inayopanda kwa nyuma, kwa hiyo ukisikia wanataka kumpima moyo usiseme hawa wametoka macho wakaja kichwa sasa wanataka moyo. Wanalitafuta donge lilikotoka kabla halijatuma jengine.

Mwambie ami hivyo. Wakitaka kuzuia kiharusi cha pili lazima wajue cha kwanza kilikaa wapi.

Swali langu kwako: mzee ni fundi, ashawahi kuingiwa na chuma jichoni? Kuchomelea, kusaga, msumari kuruka? Lazima useme kabla hajaingia. Sumaku ile inavuta kipande cha chuma kilicho ndani ya jicho na hapo ndipo mtu atapofuka kweli. Na kama ana betri ya moyo pia semeni.

MamaShela

Pole mwanangu. Mamangu mwaka juzi yalimkuta hayo hayo ila yeye upande wa kulia. Alikuwa akimimina chai nje ya kikombe tukamgombeza kwa uzembe, Mola atusamehe.

MRI haiumi ila ina makelele, kama mtu anagonga bati na mwengine anatoboa ukuta, na umelala kwenye bomba jembamba hutakiwi kutikisika, mama alikaa karibu nusu saa. Wanampa vya kuziba masikio na kengele ya kubonyeza akizidiwa. Mwambie afumbe macho KABLA hajasukumwa ndani asifumbue mpaka atoke, mama alifumbua katikati akaona dari iko puani akaanza kupiga kelele za shahada, wakamtoa wakaanza upya.

Na mvueni kila kitu. Mama walimvua kipini, bangili, wakamfuta wanja, mengine yana madini ndani. Kizaazaa kikaja kwenye hirizi, ya kibati, hajaivua tangu amzae kakangu mkubwa. Tulibembelezana nje pale robo saa.

Mkwezi_65

Mimi naomba mniwie radhi wataalamu lakini mtu katoka alfajiri giza totoro akapigwa na kitu asichokiona, upande mmoja tu, mdomo haukupinda, mkono haukufa. Sisi wazee twajua hicho ni nini. Msomeeni kwanza kabla ya hizo sumaku.

BintiLangoni, Lamu

Shikamoo mzee. Kusomewa kashasomewa mara mbili na maalim mwenyewe ndiye aliyesema kamaliza yake twende hospitali 😅

@FundiPicha_MLD nimefanya ule mtihani wa vidole. Jicho la kulia limefunikwa, kushoto hakuna. Jicho la kushoto limefunikwa, kushoto hakuna. Vilevile kabisa, mpaka vidole vikifika karibu na pua yangu ndio asema "hao." Nywele zilinisimama. Chuma jichoni aapa hajaingiwa, yeye ni mtu wa mbao na kalfati, kuchomelea alikuwa akifanya marehemu kakake. Hirizi anayo, mkono wa kuume, hilo tutalijua huko mbele ya safari.

Ila kuna mambo mawili mengine. Moja, sahani. Akipewa wali anakula nusu ya kulia, ya kushoto haigusi, asema wali umekuwa kidogo siku hizi. Mama kamaindi kweli. Pili, na hili ndilo la ajabu, jana tumetembea naye ufukweni, punda kaja mbio kutoka kushoto, baba KAMPISHA. Karuka pembeni. Namuuliza umemuona? Asema sijaona kitu. Mbona umeruka? Asema sijui, mwili ulitaka. Sasa anaona au haoni? Ami ashaanza kusema baba anatudanganya.

kijana_wa_neva (wa Malindi, nasoma Nairobi)

Dada, nimesoma hiyo ya punda nikainuka kwenye kiti. Babako hadanganyi hata kidogo, mwambie ami anyamaze.

Kuna mgonjwa mmoja maarufu sana kwenye vitabu vyetu anajulikana kwa herufi tu, D.B., Muingereza, alifanyiwa upasuaji London akatolewa sehemu ya kisogo cha kulia, akabaki haoni kushoto kama mzee wako. Profesa Lawrence Weiskrantz na wenzake wakamuonyesha vitu upande ule wa kipofu wakamwambia kisia tu viko wapi. Akasema nikisie vipi na sioni? Wakamlazimisha. Akawa anapatia sana kupita bahati, na mwenyewe akiambiwa amepatia haamini. Hiyo iliandikwa 1974. Kuona bila kujua kama umeona. Mwaka 2008 kukaja ya ajabu zaidi, watafiti pamoja na Beatrice de Gelder walimchukua daktari mmoja aliyepigwa na viharusi viwili, kisogo cha kulia na cha kushoto vyote vimekufa, kipofu kamili anatembea na fimbo. Wakampokonya fimbo, wakamweka kwenye ukumbi mrefu waliotapanya maboksi na viti, wakamwambia tembea. Akapita vyote hakugusa hata kimoja, kisha akasema hajui kama alikwepa kitu.

Inatokea hivyo kwa sababu barabara ya kisogoni ndiyo kubwa lakini sio pekee. Kuna vinjia vya zamani vinavyotoka machoni vikapita chini ya ubongo, hivyo vinabeba mwendo, kitu kinachokuja mbio, hatari. Habari inafika mwilini haifiki kwenye "mimi nimeona". Usimtegemee nayo njiani lakini, leo kamkwepa punda kesho boda itampata. Mtembee naye wewe ukiwa kushoto kwake.

Sasa hiyo MRI mutakayopiga ni ya kuonyesha nyama, wapi pazima wapi pamekufa. Kuna aina nyengine, mashine ni ile ile ila inafuatilia damu yenye oksijeni, sehemu ya ubongo ikifanya kazi damu inaongezeka pale, kwa hiyo mtu akiwa ndani anaonyeshwa picha mbele ya macho na wao wanatazama kisogo kikiitikia. Inaitwa MRI ya utendaji. Kwa hospitali za kawaida huku hutaagizwa hiyo, na wala babako haihitaji kwa matibabu, lakini imefundisha kitu. Watafiti wa Rochester kule Marekani walitoa kazi 2019, wagonjwa 15 wenye shida hii hii. Wakakuta kuna sehemu za kisogo zinaitikia kabisa ndani ya mashine, ilhali mgonjwa mwenyewe asema pale haoni kitu. Kisha wakapiga picha nyuma ya jicho kupima unene wa seli zinazotuma habari. Ukawa hivi: baada ya kiharusi cha kisogo hata seli za jichoni, ambazo hazikuguswa, zinaanza kunyauka miezi kadhaa baadaye, kama mtu anapiga simu haipokelewi mwisho anaacha. Lakini zile zinazopiga simu kwenye sehemu ya kisogo inayoitikia, zilibaki nzima. Yaani jicho lenyewe linasubiri kama huko nyuma kuna mtu. Ndio wanafikiri hizo sehemu ndizo za kufanyisha mazoezi. Hii bado ni utafiti, msije mkauziwa programu ya simu ya elfu kumi eti inarudisha macho.

Kuhusu sahani hapo naomba mumwambie daktari kwa makini, manake kuna mambo mawili yanafanana. Mtu wa hemianopia haoni kushoto lakini ukimwambia geuza kichwa anageuza, anaona wali, anakula. Kuna mwengine ambaye kiharusi kimepanda juu zaidi, ubongo wa pembeni, huyo kushoto kwake kumefutika kabisa hajui kama kuna kushoto, ananyoa ndevu nusu, anavaa mkono mmoja wa kanzu. Huyo ni mgumu zaidi kumsaidia na hatari zaidi njiani. Zungusha sahani uone, halafu mchoree mstari mrefu kwenye karatasi mwambie atie alama katikati. Akiweka alama mbali kulia, kashughulikieni hilo pia.

FundiPicha_MLD, Malindi

Ahsante kijana, hiyo ya simu nitaiiba.

Niongeze moja manake nalipenda. Hii ramani ya kisogo haikuanza na mashine. Vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905, risasi za Warusi zilikuwa nyembamba zinapita kichwani zinatoka upande wa pili na askari anapona. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, akapewa kazi ya kupima wamepoteza kuona kiasi gani ili walipwe. Yeye akapima tundu la kuingilia na la kutokea, akachora risasi ilipita wapi ndani, akalinganisha na sehemu gani mtu haoni. Akatoa ramani 1909. Mpaka leo nikiona doa kisogoni kwenye kioo cha mashine yangu mimi ninayepiga tu picha nakisia mtu haoni wapi, kwa sababu ya wale askari. Ila kukisia sio kupima. Picha inasema wapi pameumia, haisemi mzee anaona nini. Ombeni na kile kipimo cha macho cha kutazama ndani ya bakuli jeupe unabonyeza kila ukiona kitaa, mpate karatasi, mrudie baada ya miezi mitatu mlinganishe. Kinachorudi chenyewe kinarudi zaidi miezi hiyo ya mwanzo.

BintiLangoni, Lamu

Salaam tena, tumerudi kutoka Mombasa tangu juzi, samahanini kimya.

Sahani: niliizungusha, akaona nyama, akacheka mpaka machozi akamuomba mama radhi. Mstari kaweka alama karibu katikati. Kanzu anavaa mikono yote. Daktari kasema sio ile mbaya.

Picha: kuna doa kisogo cha kulia, nimeliona kwa macho yangu, kama mtu kadondosha maziwa kwenye karatasi nyeusi. Ncha ya mwisho kabisa ya kisogo imebaki nzima, daktari akatueleza ile ncha ndiyo ya kuona katikati, ndio maana sura zetu anazitambua na uzi anatia kwenye sindano. Pia kuna kidoa cha zamani pengine kabisa, cha kiharusi ambacho hatukuwahi kukijua. Hapo ami akanyamaza. Moyo umepimwa, unadunda ovyo kweli, amepewa dawa ya kupunguza damu kuganda, na tumesisitiziwa hii ya kumeza siku anazotaka mwenyewe imekwisha.

Hirizi ilivuliwa. Alinikabidhi mimi, akanihesabisha mpaka nyuzi zake, na alipotoka kule ndani salamu ya kwanza ilikuwa "iwapi?"

La gazeti na msahafu pia tumeelezwa. Gazeti laenda kutoka kushoto, akishuka mstari mwanzo wake uko upande asiouona, kwa hiyo anaanzia katikati. Msahafu waenda kuelekea kushoto, kwa hiyo kila neno linalofuata liko gizani. Zile sura za zamani hakuwa anazisoma, alikuwa anazijua. Wakamfundisha aweke kidole gumba cha mkono wa kushoto ukingoni mwisho wa mstari, asiache kusoma mpaka akione kidole.

Leo baada ya laasiri nimempita barazani, miwani ile ya duka imewekwa pembeni, kidole kiko ukingoni, anasoma Surat An-Nahl polepole kama mtoto wa chuoni, akifika kwenye kidole anakisogeza chini kidogo.

MamaShela

Mashallah. Mama naye ntamjaribia hiyo ya kidole, ila yeye wa kulia, kwa hiyo msahafu utamsumbua kule mistari inakoanzia, au sio @FundiPicha_MLD?

FundiPicha_MLD, Malindi

Ndio hivyo. Kidole cha kulia, mwanzo wa mstari.